Sifuri ya Kidato cha Nne Huanza Darasa la Kwanza: Jibu kwa Diwani

Swali: Mimi ni diwani wa kata ya vijijini mkoani Tabora. Tumejenga madarasa, madawati yapo, na sekondari ya kata imepata maabara. Hata hivyo kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanatutia aibu, na vijana wengi wanarudi nyumbani bila cheti cha maana wala ujuzi wa kazi. Halmashauri imetutaka tupendekeze kipaumbele kimoja cha elimu kitakachogharimiwa na mapato ya ndani. Wajumbe wenzangu wamegawanyika kati ya karakana ya mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, chumba cha kompyuta, na kambi ya masomo ya kidato cha nne. Wewe ungeanzia wapi?

Jibu: Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kuuliza swali lenye mipaka. Wengi wanaoniandikia kuhusu elimu huuliza taifa zima lifanye nini, na jibu la swali hilo haliwezi kuwa jingine ila orodha ndefu ambayo hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuitekeleza. Wewe umeuliza kuhusu kata moja na fedha zisizotosha. Jibu langu ni fupi, ingawa sababu zake ni ndefu. Nisingechagua lolote kati ya hayo matatu. Ningeanzia elimu ya awali, darasa la kwanza na la pili, katika shule za msingi ambazo wanafunzi wake ndio huingia sekondari yenu, na ningeipima kazi hiyo kwa jambo moja tu: kwamba mtoto anayemaliza darasa la pili anaweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili na kueleza alichokisoma.

Nianze na hesabu ya miaka, kwa sababu naona ndiyo inayosahaulika zaidi katika vikao vyetu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 na kwenda mfululizo bila kurudia alimaliza la saba mwaka 2008, akaingia kidato cha kwanza mwaka 2009, na akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Mwaka 2002 ndio ulioanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mara baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, na madarasa ya kwanza nchi nzima yakafurika watoto, wakiwamo waliokuwa wamechelewa kuandikishwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2012 nao ndio ambao takriban asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata daraja sifuri. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013 nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na baadaye matokeo hayo yakapangwa upya kwa utaratibu wa zamani wa alama. Mjadala wa wakati ule ulihusu ukokotoaji wa alama, uhaba wa walimu katika sekondari za kata zilizojengwa kwa haraka, na shule zisizo na maabara, na kila hoja kati ya hizo ilikuwa na ukweli wake. Lakini ni wachache waliorudi nyuma hadi 2002 kuuliza watahiniwa wale, walipokuwa na umri wa miaka 7, walifundishwa kusoma na nani, na chumbani mlikuwa na watoto wangapi. Sisemi kwamba msongamano wa mwaka ule peke yake ndio uliozaa sifuri zile. Nasema kwamba kosa la darasa la kwanza huchukua miaka 11 kuonekana kwenye ubao wa matokeo, na linapoonekana huwa tunamlaumu mwalimu wa kidato cha nne.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza UPE, na walimu wakapatikana kwa njia ya mkato, wengi wao wakiwa wahitimu wa darasa la saba waliofunzwa huku wakifundisha. Sipendi dhihaka inayoambatana hadi leo na jina la walimu wa UPE, kwa kuwa bila wao mamia ya vijiji visingekuwa na shule kabisa. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne, madarasa yalifurika tena. Katika nyakati zote tatu uamuzi wa kufungua milango ulikuwa sahihi, na siwezi kumwambia mzazi yeyote kwamba mwanawe angesubiri. Kilichofuata uamuzi huo ndicho chenye kasoro: kila mara tulihesabu vyumba, madawati na walioandikishwa, kwa sababu hivyo vinahesabika na vinazinduliwa, na tukaacha kuhesabu wanaojua kusoma.

Kuanzia 2010, tathmini za Uwezo zilizofanywa na shirika la Twaweza zilikwenda nyumbani kwa watoto na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na zikaonyesha kuwa wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Wapo hata waliomaliza la saba ambao hawakuiweza. Serikali haikupuuza jambo hilo, kwani mwaka 2015 ilianzisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotenga sehemu kubwa ya muda kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na walimu wengi wakapewa mafunzo. Kwa hiyo nikikushauri uanzie hapo, sikuletei jambo jipya. Nakuletea jambo ambalo sera imekwisha kulikubali na ambalo linakwama katika shule moja moja, yaani mahali ambapo wewe una sauti.

Linakwama vipi? Sababu ya kwanza ni ugawaji wa walimu ndani ya shule. Mwalimu mkuu anajua kwamba jina la shule yake wilayani linajengwa na mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo walimu wake hodari huwapeleka huko, na darasa la kwanza hupewa mgeni, au mgonjwa, au anayekaribia kustaafu, na mara nyingine anayeadhibiwa. Simlaumu mwalimu mkuu, kwani akiitwa mbele ya mkurugenzi haulizwi ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaosoma. Akianza kuulizwa swali hilo kila robo mwaka, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake, ratiba ya shule itabadilika bila kuongezewa mwalimu hata mmoja.

Sababu ya pili inahusu lugha, na katika mkoa wako ina uzito kuliko Dar es Salaam. Tahajia ya Kiswahili ni rahisi mno: mtoto aliyezijua irabu na silabi anaweza kutamka karibu neno lolote lililoandikwa, na mwalimu mzuri humfikisha hapo ndani ya mwaka mmoja. Urahisi huo unatudanganya. Mtoto wa Kinyamwezi au Kisukuma aliyekulia mbali na mjini anaweza kutamka mstari mzima bila kuelewa maana yake, kwa kuwa Kiswahili chenyewe bado anajifunza. Mwalimu wake, ambaye pengine ametoka Tanga au Kilimanjaro, humsikia akisoma vizuri na kumpandisha darasa. Kufikia darasa la tatu masomo yanaongezeka, vitabu vinakuwa na aya ndefu, na mtoto huyo ananyamaza. Ndiyo maana nimetaja elimu ya awali, na ndiyo maana kipimo changu kina sehemu ya pili, ya kueleza alichosoma. Mwaka wa elimu ya awali, ukiwa na mwalimu anayeimudu lugha ya nyumbani na anayezungumza na watoto Kiswahili kingi kwa hadithi, vitendawili na michezo, una thamani kubwa kwa watoto wa kata yako, na mara nyingi ndio mwaka tunaoujali kidogo kuliko yote.

Sasa suala la fedha, kwa sababu kikao kitakuuliza zitanunua nini. Kati ya 2013 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa nchini mwetu, ukijulikana kwa jina la KiuFunza, katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10. Baadhi ya shule zilipelekewa moja kwa moja ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku hiyo, bali walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wakiwamo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, yalikuwa ya kushangaza kwa wengi wetu tuliozoea kudai fedha zaidi kila mwaka: ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto, bonasi peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko, ila pale vilipokwenda pamoja watoto walijifunza zaidi, na ongezeko hilo likazidi jumla ya vile viwili vikitenganishwa. Sikushauri uanzishe bonasi, kwa kuwa utumishi wa walimu si mamlaka ya kata na bonasi ina matatizo yake. Ninachokichukua hapo ni kwamba fedha zikiingia shuleni bila mtu yeyote kufuatilia kama mtoto anasoma, hununua vitu vizuri ambavyo havimfikii mtoto akilini.

Kiasi chenyewe pia si kikubwa. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa wakati wa MMEM kuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ikilingana wakati ule na takriban dola 10 za Marekani, na elimu bila ada ilipoanza 2016 shule za msingi zilikuta kiwango kilekile cha shilingi, huku bei ya chaki na karatasi ikiwa imepanda mara kadhaa. Kwa hiyo hata mchango mdogo wa kata utaonekana, mradi uelekezwe.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo la manufaa hapa. Mwaka 2015 walianza mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma nchi nzima: kila mtoto wa madarasa ya mwanzo akawa na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu akapewa mwongozo wa somo la kila siku, na maafisa wa mtaala wa eneo wakapewa kishikwambi na kurejeshewa nauli kulingana na madarasa waliyoyatembelea kweli, wakakaa nyuma ya darasa, wakawasikiliza watoto kadhaa wakisoma na kumshauri mwalimu siku hiyohiyo. Watoto wanaosoma waliongezeka kwa kiasi kinachoonekana. Kwetu afisa huyo yupo tayari, naye ni Afisa Elimu Kata. Mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa hao nchi nzima. Katika kata nyingi nilizopita pikipiki ipo lakini mafuta hayapo, au mafuta yapo lakini safari yote inaishia ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye kitabu cha wageni. Kati ya vyote nilivyovitaja, mafuta ya pikipiki hiyo, yakilipwa kwa sharti la kuingia darasani, ndiyo matumizi ya bei ndogo yenye faida kubwa kuliko mengine.

Mbali na mafuta, ningenunua vitabu vya hadithi, vyepesi, vyenye picha, kwa wingi unaomwezesha mtoto kwenda na kimoja nyumbani bila mwalimu kuogopa kitapotea. Vitabu vya kiada vipo katika shule nyingi kuliko tunavyodhani. Fungua kabati la mwalimu mkuu utavikuta ni vipya, vimefungwa ili visichakae kabla mthibiti ubora hajaja. Ningewapa posho ya heshima walimu wa kujitolea wawili au watatu wenye cheti cha ualimu cha Daraja A, ambao vijijini hawakosekani wakisubiri ajira, ili darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 100 ligawanywe mikondo miwili, kwa sharti kwamba mwalimu mwenye uzoefu ndiye anayeliongoza na wa kujitolea ndiye msaidizi, si kinyume chake. Na uji wa saa nne, ambao wazazi wanaweza kuuchangia kwa mahindi baada ya mavuno, ungeanza na watoto hawa wadogo kabla ya darasa la saba.

Kuna kundi moja ambalo mpango wangu, ukiishia hapo, unalisahau: watoto walio darasa la tatu hadi la sita leo, ambao tayari wamepita bila kusoma. Kwao njia iliyoanzishwa na shirika la Pratham nchini India na kuchukuliwa na Zambia inafaa sana na haihitaji jengo. Kila mtoto hupimwa kwa dakika chache, kisha kwa saa moja kwa siku madarasa huvunjwa na watoto hupangwa kwa kiwango chao cha kusoma bila kujali wako darasa la ngapi, hivyo mtoto wa la tano asiyejua silabi hukaa na wenzake wa kiwango hicho hadi azijue. Kikwazo chake ni aibu, hasa kwa wavulana wakubwa. Mwalimu mkuu mwenye busara huwapanga wa la tano na la sita kundi moja na kuwaacha wadogo peke yao.

Naweza kusikia mjumbe mmoja akisema kwamba kikwazo cha sekondari ni Kiingereza, si kusoma. Ana hoja, na ni hoja nzito. Mtoto anafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza biolojia, historia na hisabati vinamjia kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari, na Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Msimamo wangu binafsi ni kwamba tume ile ilikuwa sahihi, lakini wewe na mimi hatuwezi kuliamua hilo katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ninachojua ni kwamba mtoto asiyesoma kwa ufahamu lugha anayoizungumza hawezi kusoma kwa ufahamu lugha asiyoizungumza, na kwamba aliyesoma vizuri Kiswahili ana cha kusimamia. Kwa sekondari yenu, mwombe mkuu wa shule awaruhusu walimu watumie vitabu na maelezo mafupi yenye Kiingereza chepesi na faharasa ya Kiswahili pembeni, kama vilivyojaribiwa kwa kidato cha kwanza na Chuo Kikuu cha Dodoma kwa kushirikiana na wenzao wa Bristol. Mwanafunzi aruhusiwe kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Bango linalokataza Kiswahili getini huwafanya wanafunzi wakae kimya darasani, wala sijaona limfundishe yeyote Kiingereza.

Nirudi kwa wajumbe wako. Mkondo wa amali ni uamuzi mzuri wa sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023, nami nauunga mkono, lakini karakana ni ghali kuendesha kuliko kujenga. Miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, na katika shule nyingi michepuo hiyo ilififia zana zilipoharibika na mali ghafi kukosekana. Kijana asiyeweza kusoma vipimo kwenye mchoro hatakuwa fundi mzuri hata ukimpa mashine mpya. Kama Serikali Kuu ikiwaletea karakana, ipokeeni kwa furaha na mtenge fedha za mbao, vyuma na umeme. Kwa mapato ya ndani ya kata moja msiianzishe. Chumba cha kompyuta nakijibu kwa ufupi: bila umeme wa uhakika, mwalimu wa somo hilo na fedha za matengenezo, baada ya miaka miwili kitakuwa stoo. Kambi ya kidato cha nne ndiyo itakayoleta matokeo ya haraka, na ndiyo maana inapendwa. Itawasogeza wanafunzi kadhaa waliokuwa karibu na kufaulu, na haitamgusa aliyeachwa nyuma tangu darasa la pili. Wazazi wakitaka kuichangia wenyewe, sioni ubaya.

Pana jambo moja la sekondari ambalo halisubiri, nalo ni la tarehe. Kwa utaratibu mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatahitimu pamoja. Januari 2028 sekondari yenu itapokea mikupuo miwili kwa wakati mmoja. Hapo mtahitaji madarasa, vyoo, na hosteli au mabweni kwa wasichana wanaotoka mbali, na hili mlipeleke kwenye bajeti ya halmashauri mapema likiwa ombi la pekee, ili lisije likameza fungu dogo la kata tunalolizungumzia. Katika hesabu ya wasichana muwaweke pia wale waliokatiza masomo kwa ujauzito, ambao tangu Novemba 2021 wana haki ya kurudi shuleni na wengi vijijini hawajaambiwa.

Najua pia hesabu nyingine unayoifanya, ya kisiasa. Udiwani ni miaka mitano, na mtoto atakayeanza darasa la kwanza mwakani hatafanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa madarakani. Hutakuwa na ubao wa matokeo wa kuuonyesha wapiga kura, wala jiwe la msingi la kuzindua. Utakachokuwa nacho ni daftari. Kabla ya kikao kijacho mwombe Afisa Elimu Kata achague hadithi moja ya darasa la pili yenye aya tatu, aende nayo katika kila shule ya msingi ya kata, awasikilize watoto wote wa darasa la tatu mmoja mmoja, na aandike idadi ya walioisoma na kuieleza, waliosoma bila kuelewa, na wasioweza. Shule moja haitamchukua zaidi ya siku mbili. Zoezi lirudiwe kila Novemba kwa hadithi ya ugumu uleule, na majumla ya kila shule, bila jina la mtoto yeyote, yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, mwalimu mkuu akiwapo.